Risiva ya zamani haina HDMI na nataka kuingia Blu-ray, niiuze ama kuna njia?

Mkaaji_Umoja2

Wadau hamjambo. Naomba msaada wa wale wanaelewa mambo ya saund ya nyumbani. Niko na risiva, ile mashine ya kusukuma spika, ya Yamaha ya 5.1, ya kitambo, 2004 hivi, mjomba alirudi nayo kutoka Uingereza akaniachia na spika zake tano na wufa kubwa ya besi, ile ina plagi yake ya stima. Inalia poa sana mpaka leo, sijasikia saundiba kwa duka ikiifikia. Miaka yote nimeitumia na DVD, saund inaingia kwa waya ya optikali, ile ya mwanga, na picha inapita kwa zile waya tatu za kijani, bluu na nyekundu, kutoka kwa DVD hadi kwa risiva halafu kutoka kwa risiva hadi kwa TV.

Sasa nimenunua TV ya 4K, inchi 55, na hapo ndio mambo yaligeuka, DVD kwa hiyo skrini inaonekana imefifia, nyuso hazina makali na maandishi ya chini yana ukungu. Mjomba aliacha pia katoni ya Blu-ray, zile kasha za bluu, na sijacheza hata moja juu sina mashine yake. Kwa hivyo nataka kununua pleya ya Blu-ray. Shida ni risiva haina HDMI hata moja. Niliingia duka fulani Luthuli Avenue, Nairobi, nikaambiwa hiyo ni skrepu, niilete wanipunguzie bei ya saundiba mpya. Moyo umekataa kabisa.

Naomba kujua: pleya ya Blu-ray inaweza kufanya kazi na risiva kama hii ama lazima HDMI? Picha naweza bado kuipitisha kwa risiva na zile waya tatu? Na nikitumia optikali napoteza nini? Bajeti ni kama elfu 35 yote na singependa iishe kwa kitu kimoja.

Fundi_wa_Ngara

Mkuu usiuze hiyo mashine, ishikilie. Risiva za miaka hiyo ziliwekwa transfoma nzito, na kazi ya kusukuma spika haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni mlango wa kuingilia tu.

Kwanza tenganisha picha na saund. Wakati wa DVD tulipitisha kila kitu kwa risiva kwa sababu TV zilikuwa na soketi chache. Sai toa HDMI kwa pleya upeleke moja kwa moja kwa TV, risiva isihusike na picha. Zile waya tatu zisahau. Si kwamba haziwezi kubeba picha ya HD, zinaweza, lakini wenye mfumo wa ulinzi wa Blu-ray, unaitwa AACS, waliamua pleya zinazotengenezwa baada ya 2010 zisitoe picha ya HD ya diski kwa waya za analogi, na baada ya 2013 zisitoe picha ya analogi kabisa. Ndio maana ukigeuza pleya mpya nyuma huzipati hizo soketi.

Sasa saund, na hapa ndipo watu wanadanganywa. Optikali ni teknolojia ya 1983, ilitengenezewa CD. Inapitisha PCM, yaani saund ya dijitali isiyobanwa, ya chaneli mbili, ama 5.1 iliyobanwa ya Dolby Digital au DTS, basi. Blu-ray ilikuja na Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, hizo zimebanwa bila kupoteza chochote, zikifunguliwa unapata kile kile kilichotoka studio, na ni nzito, haziwezi kupita kwa optikali. Mwenye duka akisikia hivyo anakuambia basi tupa risiva. Lakini hakuambii kwamba ndani ya kila DTS-HD Master Audio kuna DTS ya kawaida imefichwa kama kokwa ndani ya embe, na hiyo inafika kilobiti 1,509 kwa sekunde, na risiva yako inaijua vizuri. Na diski yenye TrueHD ni lazima ibebe pia Dolby Digital ya kawaida kando yake. Dolby Digital ya DVD mwisho wake ni kilobiti 448, ya Blu-ray inafika 640. Kwa hivyo hata na waya yako hiyo hiyo ya optikali, saund unayopata kwa Blu-ray inaweza kuwa juu ya ile umezoea. Hujapoteza, umeongeza.

Mtego mkubwa ni setingi. Ukinunua pleya, ingia kwa menyu ya saund, pale pa kutoa dijitali weka bitistrimu, yaani saund itumwe vile iko kwa diski, usiache PCM. Ukiacha PCM optikali itakupa chaneli mbili tu na utalaumu risiva bure. Halafu kuna ile saund ya pili, ya sauti za menyu na maelezo ya mkurugenzi, izime, kwa sababu ikiwa imewashwa pleya inachanganya saund upya kabla ya kuituma na huipati ile halisi. Ukimaliza angalia kioo cha mbele cha risiva: ukicheza sinema ikiandika DTS ama Dolby Digital uko sawa, ikiandika PCM rudi kwa menyu.

Na optikali itoke kwa PLEYA, isitoke kwa TV. Kuna TV ambazo zikipewa saund kwa HDMI zinaipunguza kuwa chaneli mbili kabla ya kuitoa kwa optikali, na hata zile zinapitisha 5.1 si zote zinakubali DTS. Samsung waliitoa DTS kwa TV zao kuanzia za 2018, LG wakaitoa kwa za 2020 na kuirudisha kwa baadhi ya za 2023. Uliza kabla hujalipa kama pleya iko na optikali ama koaksiali, ile waya ya dijitali ya shaba, kwa sababu siku hizi kuna za bei ya chini ambazo ziko na HDMI peke yake.

Kitu kimoja naomba ufanye leo usiku. Chukua tochi uangalie nyuma ya risiva kama kuna safu ya soketi sita pamoja, imeandikwa MULTI CH INPUT ama 6CH INPUT. Ukiiona niambie, kuna habari njema.

Kasarani_Hifi

Mimi napinga kidogo na Fundi, kwa heshima. Optikali ni sawa kama unaanza, lakini huyu jamaa ako na spika nzuri na wufa ya ukweli, anastahili kusikia TrueHD yenyewe. Kwa nini asitafute risiva ya mtumba yenye HDMI? Zinaingia nyingi kutoka Uingereza, plagi ni hii yetu ya miguu mitatu mikubwa, stima ni 230 hadi 240, unachomeka tu. Kuanzia HDMI 1.3, iliyotoka 2006, waya inabeba TrueHD na DTS-HD zikiwa nzima. Risiva ya 2009 ama 2010 watu wanaiachilia kwa bei nzuri kwa sababu haipitishi 4K, na yeye diski zake ni za 1080p, HD ya kawaida, hiyo 4K haimhusu.

Fundi_wa_Ngara

@Kasarani_Hifi hiyo ni hoja nzuri na siikatai, ila aingie sokoni macho wazi. Risiva za mwanzo mwanzo zenye HDMI, za 2005 hadi 2007 hapo, kuna ambazo HDMI yake ni ya kupitisha picha tu, saund haisomi kutoka kwa hiyo soketi, bado unalazimika kuongeza optikali. Ukiangalia nyuma huwezi kujua, soketi ni ile ile. Tafuta manyuali yake kwa mtandao usome kama inakubali PCM ya chaneli nyingi kwa HDMI. Ikikubali hiyo peke yake inatosha, hata kama haijui TrueHD, juu pleya inaifungua ndani na kuituma ikiwa PCM, na saund ni ile ile. Watu wanalipia taa ya TrueHD iwake mbele ya risiva na hakuna kitu wameongeza masikioni.

Na mtu yeyote anayenunua ya mtumba aende na pleya yake na waya zake, awashe pale pale, apande sauti taratibu, asikilize kila chaneli moja moja. Soketi ya HDMI mara nyingi ndiyo inakufa kwanza kwa hizo mashine, na stima ikirudi kwa nguvu inaweza kuziharibu. Ukiipeleka nyumbani weka gadi ya stima kabla ya kitu kingine chochote.

mama_sinema_SouthB

Mkaaji, hongera kwa kukataa kuuza. Mimi nakusanya diski kitambo, wacha niongeze kuhusu upande huo kwa sababu hawa kaka wamezama kwa waya.

Diski za mjomba zikiwa za Uingereza uko salama. Blu-ray imegawa dunia maeneo matatu, na diski nyingi za eneo moja hazichezi kwa pleya ya lingine: A ni Marekani na Japani, B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia, C ni Uchina, Uhindi na Urusi. Sisi tuko B pamoja na Uingereza, kwa hivyo pleya iliyotengenezewa soko letu inazicheza. Lakini diski zake za DVD ni hesabu nyingine, huko Uingereza ni eneo la 2 na Kenya tuko 5. Kwa hivyo usitupe pleya yako ya zamani ya DVD mpaka uhakikishe pleya mpya inazisoma, ama zimeandikwa zinafaa kila eneo.

Na kama kuna mtu wa familia Marekani anakuambia atakuletea pleya kwa begi, mwombe apige picha ya maandishi ya nyuma kwanza. Ikisema 120V peke yake hiyo ukiichomeka kwa ukuta wetu inaungua hapo hapo, na hata ukiwekea transfoma ya kushusha, itakuwa ya eneo A na katoni ya mjomba huenda isicheze. Nimeona hii ikiumiza watu wengi sana. Zile za 4K, kasha nyeusi, ndizo hazina mambo ya maeneo, zinacheza popote, lakini zinataka pleya yake, ile ya kawaida haizisomi.

Kitu cha mwisho, diski zikikaa kwa katoni miaka mingi zinashika vumbi na alama za vidole. Tumia kitambaa laini cha miwani, futa kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Tabaka la data la Blu-ray liko karibu sana na uso, milimita 0.1 tu, la DVD liko ndani 0.6. Wameipaka ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo, lakini bado ishike kwa ukingo.

Jirani_wa_Rongai

Naomba kuuliza bila kuharibu mada, kwani kuna haja gani ya diski siku hizi na sisi wote tuko na faiba kwa nyumba? Netflix ya 4K si inatosha?

mama_sinema_SouthB

@Jirani_wa_Rongai hapana, ni swali la haki. Angalia kiasi cha data. Netflix yenyewe inapendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K. Blu-ray ya kawaida, ya 1080p, picha peke yake inaruhusiwa kufika megabiti 40, na diski ya 4K ya gigabaiti 100 inazidi 100 kwa jumla. Utaona tofauti kwa zile sehemu za sinema zenye giza na moshi, intaneti inakata giza vipande vipande na diski inalishikilia. Na kwa saund tofauti ni kubwa zaidi, mtandaoni Dolby inakuja imebanwa, TrueHD kamili unaipata kwa diski. Halafu diski ni yako. Sinema inaweza kuondolewa kwa mtandao wiki ijayo ukiwa umefika katikati, ile iko kwa rafu yako hakuna wa kuiondoa. Mimi natumia zote mbili, lakini ile sinema naipenda nainunua.

Mkaaji_Umoja2

Asanteni sana jamani, nimejifunza mambo ambayo hakuna duka lingeniambia. Fundi, nilitoa risiva kwa kabati nikaangalia na tochi, iko! Soketi sita, imeandikwa MULTI CH INPUT, kuna FRONT mbili, SURROUND mbili, CENTER na SUBWOOFER. Hazijawahi kuguswa, zinang'aa kabisa na sehemu ingine yote ni vumbi. Nilikuwa nikidhani ni za kutoa kwenda kwa spika. Hiyo habari njema ni gani?

Pia niliona waya za spika, ncha zake zimegeuka kijani. Hiyo ni shida?

Fundi_wa_Ngara

Mkuu hapo sasa umefika. Hizo soketi ziliwekwa kwa ajili ya DVD-Audio na SACD, diski za muziki ambazo mashine zake zilikuwa zinafungua saund zenyewe ndani na kuitoa ikiwa analogi kwa waya sita. Na Blu-ray inaweza kutumia mlango huo huo. Ukipata pleya yenye kutoa analogi ya 5.1 ama 7.1 (spika saba na wufa), yenyewe inafungua TrueHD na DTS-HD Master Audio, inakupa kwa waya sita za RCA, na risiva yako ya 2004 inacheza saund kamili ya Blu-ray bila kujua HDMI ni nini. Hakuna hasara ya kubanwa hapo tena.

Shida ni kupata pleya. Za zamani ziko: Panasonic DMP-BD55 na Sony BDP-S550 za 2008 ziko na 7.1 nyuma, OPPO BDP-83, 93 na 103 nazo ndizo watu wanazitafuta zaidi, ingawa OPPO waliacha kutengeneza 2018 na wenye nazo hawaachilii rahisi. Ya sasa ni Panasonic DP-UB820, hiyo inacheza mpaka 4K lakini itapita bajeti yako. Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: nunua pleya ya kawaida yenye optikali ama koaksiali uanze kufurahia katoni ya mjomba wiki hii, halafu uweke macho kwa mtumba taratibu. Ukiona Panasonic ama Sony ya namna hiyo iliyotoka Uingereza, ni ya eneo B, nenda na diski moja ukaijaribu. Sikiliza inachukua muda gani kusoma diski, lenzi ikiwa imechoka inatafuta tafuta na kukwaruza kabla ya kukubali. Hiyo iache.

Waya za kijani: ni shaba imeoza kwa hewa na unyevu. Zima kila kitu, kata hiyo ncha yote mpaka uone shaba ya rangi yake, chuna kama sentimita moja, sokota nyuzi zikaze, kisha ufunge. Angalia uzi hata mmoja usiguse soketi ya pili, nyekundu na nyeusi zikigusana unaweza kuua ampu. Na ukiwa hapo bonyeza taratibu ule mpira ama sponji ya ukingo wa koni ya kila spika na wufa. Ukimomonyoka kwa kidole, umeisha, lakini koni yenyewe ni nzima, mafundi wa spika wanabandika ukingo mpya na gharama yake haikaribii spika mpya. Bajeti yako ningeitenga hivyo, pleya kwanza, ukingo wa spika pili, waya mpya nene tatu, na kitakachobaki ni gadi ya stima.

Kasarani_Hifi

Nakubali, kama MULTI CH iko basi hoja yangu ya risiva ingine imepungua nguvu. Ongezea hili tu: kwa risiva nyingi, saund ikiingia kwa soketi hizo sita inapita moja kwa moja, setingi zote za risiva za umbali na ukubwa wa spika hazifanyi kazi. Lazima uzipange ndani ya menyu ya pleya. Spika zako zikiwa ndogo ziandike ndogo huko, ndio besi ipelekwe kwa wufa.

Mkaaji_Umoja2

Nimerudi. Nilipata Panasonic DMP-BD55 ya mtumba karibu na River Road, muuzaji mzee mmoja mpole alinikubalia nicheze diski yangu pale pale mpaka nikaridhika. Nimeunga waya sita, HDMI kwenda kwa TV. Picha... kwanza nilisimama tu. Sehemu ya mvua, kila tone linaonekana peke yake. Na saund imefunguka, mazungumzo yako pale katikati wazi kabisa, sijaongeza sauti hata mara moja kusikia mtu anasema nini. Mzee wangu wa miaka sabini na kitu aliketi akamaliza sinema yote, na yeye huwa analala.

Swali moja limebaki. Besi imekuwa chini kuliko vile ilikuwa na DVD kwa optikali. Wufa inalia lakini imepoa, milipuko haina uzito. Spika nimeandika ndogo vile Kasarani alisema. Nimekosea wapi?

Fundi_wa_Ngara

Hujakosea popote. Chaneli ya besi ya sinema, LFE, inarekodiwa kwa kiwango ambacho kinatakiwa kupandishwa desibeli 10 wakati wa kucheza. Ikiingia kwa optikali risiva inafanya hiyo kazi yenyewe, ikiingia kwa soketi sita risiva nyingi haziongezi kitu. Ingia kwa menyu ya pleya, pale pa viwango vya spika, pandisha wufa mpaka mwisho inaporuhusu. Kama haifiki 10, basi shusha zile spika zingine tano zote kwa kiasi kinachobaki, kisha ongeza sauti kuu ya risiva. Usikimbilie kuzungusha kitasa cha nyuma ya wufa, kwa sababu ukirudi kwa DVD kwa optikali itakuwa imezidi.

Pleya ina sauti ya majaribio, ile ya shhhh inazunguka spika moja baada ya ingine. Keti pale unaketi kutazama, masikio kwa urefu huo huo, ulinganishe. Na wewe uko ghorofa, weka kipande cha zulia nene ama sponji ngumu chini ya wufa, ile besi mpya itashuka kwa slabu hadi kwa jirani wa chini kabla hujaisikia vizuri wewe.

Mkaaji_Umoja2

Imekubali! Nimepandisha hadi mwisho na kushusha zile zingine kidogo, uzito umerudi. Zulia naweka kesho, jirani ako na mtoto mchanga.